Muulize Fundi wa Maji: Milima imetuzunguka, mgao unatoka wapi?

Barua zilizonifikia msimu huu wa kiangazi karibu zote zinalia maji. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa, na nyingine zitanisamehe.

Shikamoo mzee wetu. Mimi ni mama lishe hapa Soweto, Mbeya. Asubuhi nikifungua kibanda naiona Loleza hiyo, mlima wetu, kijani kibichi. Watu wa Dodoma wakikosa maji naelewa, kwao ni nusu jangwa. Sisi wenye milima kila kona, kwa nini kuanzia Septemba tunachota kwa ratiba? Hayo maji ya mlimani yanakusanywaje, na yanatunzwa wapi? — Mama Lishe, Soweto, Mbeya

Marahaba mwanangu. Naanzia mwisho wa swali lako. Kwa sehemu kubwa maji ya jiji hili hatuyatunzi sisi. Mlima ndio unayatunza, sisi tunayadaka yakishatoka.

Mvua zetu ni za msimu mmoja. Zinaanza Novemba, zinakatika mwishoni mwa Aprili au Mei, baada ya hapo ni baridi na vumbi mpaka Novemba nyingine. Mjini tunapata karibu milimita 900 kwa mwaka, na wenzetu wa Tukuyu wanapata zaidi ya 2,000. Sasa fikiria: ndoo uliyochota leo alfajiri imetoka wapi, na mvua hujaiona tangu Mei? Hayo ni maji ya Februari, na mengine ya masika ya mwaka juzi. Yalinyesha msituni, yakapita kwenye majani yaliyooza na udongo mweusi, yakazama kwenye nyufa za miamba, ndipo yakachomoza huko chini kama chemchemi. Yasingepita njia hiyo ndefu, vijito vyetu vyote vingekauka Juni.

Vyanzo vya jiji ni vingi na vidogo vidogo: Ivumwe, Nzovwe, Sisimba, Imeta, Mfwizimo na vinginevyo. Ukipelekwa kwenye kimoja usitegemee kuona ziwa. Utakuta ukuta wa zege wa kimo cha kiuno, umekatiza kijito. Nyuma yake pana dimbwi, na ubavuni pana tundu lenye chekeche la nondo ambako maji yanaingilia. Hapo ndipo nilipofanyia kazi ujanani, na kazi yenyewe kwa kweli ilikuwa kupambana na majani. Asubuhi unakuta chekeche limezibwa na majani, matawi, vyura, siku nyingine ndala ya mtu. Unazoa kwa reki huku maji ya baridi ya Julai yanakukata vidole. Usipozoa, mji mzima unapata maji nusu na kila mtu anakulaumu wewe.

Baada ya chekeche maji yanaingia kwenye chemba ya mchanga. Ni kisanduku kirefu cha zege ambamo maji yanatembea polepole, mchanga unatua chini, maji yanavuka juu. Kila baada ya muda unafungua valvu ya kusafishia, tope linatoka kwa kishindo. Kisha bomba kuu linashuka mjini kwa mserereko. Hapo mlima unatufanyia hisani ambayo watu hawaioni: hakuna pampu, hakuna bili ya umeme, hata umeme ukikatika maji yanashuka.

Ila mserereko nao una ukali wake. Kila mita 10 za kushuka zinaongeza presha ya baa moja (baa ni kipimo cha presha). Chanzo kikiwa mita 200 juu ya mtaa wako, maji yangekufikia na baa 20, na koki ya dukani ingeruka ikakutoboa paji la uso. Kwa hiyo njiani tunajenga matenki madogo ya kuvunja presha. Maji yanamwagika ndani yake, yanapoa hasira, yanaanza kushuka upya. Ukiona kijumba cha zege peke yake mlimani, kinanguruma usiku na mchana, usikiogope. Ni hicho.

Sasa hayo matenki makubwa ya mjini, watu wanadhani ni ghala la kiangazi. Nitakupigia hesabu ya mfano. Tuseme chanzo kinatoa lita 50 kwa sekunde. Kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi alfajiri, ambapo mji umelala, zinapita lita 1,080,000. Tenki la lita milioni moja linakinga hayo maji ya usiku, ili saa kumi na mbili asubuhi, wewe unachemsha supu na mwenzako anaogesha watoto, maji yawepo kwa wote. Kazi ya tenki inaishia hapo: linahamisha maji ya usiku kuyaleta mchana. Haliwezi kuhamisha maji ya Machi kuyaleta Oktoba.

Kwa hiyo kiangazi kikikolea, chanzo cha lita 50 kinashuka pengine hadi 25, na tenki halina la kufanya. Upande wa pili sisi tunaongezeka. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 385,279 katika Jiji la Mbeya, ya 2022 ikahesabu 541,603. Mlima haukuongezwa hata jiwe. Ndipo fundi wa zamu anapewa ratiba na spana ndefu, afunge huku afungue kule, na wewe unaita mgao.

Halafu kuna maji yanayopotea njiani. Mabomba mengine yamezeeka, mengine wenzetu wameyatoboa wenyewe usiku. Zamani hatukuwa na vifaa vya kutafuta uvujaji. Ulikuwa unasimika nondo au spana juu ya valvu, unaweka sikio kwenye ncha ya juu. Bomba zima linatoa sauti nzito, ya mfululizo. Linalovuja linatoa sauti nyembamba kama ya mtu anayepuliza kwenye meno. Usiku wa manane, Mwanjelwa ikiwa imetulia, tulikuwa tunaifuata hiyo sauti mtaa kwa mtaa mpaka tunalipata tundu. Nasikia sasa vipo vyombo vya masikioni vinavyofanya kazi hiyo. Vizuri, ila sikio la mtu halihitaji betri.

Na huo ujani wa Loleza usikudanganye, mama. Ukiangalia kwa makini, sehemu ya kijani cha milima yetu ni mikaratusi na misindano ya kupandwa. Mti wowote unakunywa, lakini mkaratusi unaokua mbio unakunywa mchana kutwa, kiangazi na masika. Msitu wa asili wenye majani yaliyorundikana chini unapokea mvua kwa upole. Ukikatwa, mvua ileile inateremka kwa fujo na kukimbilia mtoni siku hiyohiyo. Tunaita mafuriko, ilhali yalikuwa ni maji yetu ya Oktoba.

La kukusaidia leo: nunua simtanki kwa uwezo wako, hata la lita 500, uliweke juu ya kichanja, ulifunike. Na ukipata mabati, usiache mvua ya Novemba ipotee. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Kibanda cha mita 20 za mraba, mvua ya milimita 30, ni karibu lita 600. Ile mvua ya kwanza kabisa iache ioshe bati, usiikinge.

Kaka fundi, habari za kazi. Nasoma chuo hapa Mbeya. Nairobi wana bwawa la Ndakaini, Cape Town wana mabwawa juu ya mlima kabisa. Kwa nini sisi tusijenge bwawa letu mlimani, au tusivute tu maji ya Ziwa Ngozi, ambalo liko juu kuliko mji? Si yangekuja yenyewe kwa mserereko? — Mwanachuo, Iyunga

Kaka tena! Nimefurahi, mvi zangu hukuziona.

Bwawa ni wazo la haki na hesabu yake inapigika. Tuchukue lita 80 kwa mtu kwa siku. Watu 541,603 wanahitaji takribani lita milioni 43 kila siku. Kiangazi cha miezi mitano ni kama mita za ujazo milioni 6.5. Ndakaini, lililoanza kutumika 1994 kwenye mito inayotoka milima ya Aberdare, linabeba mita za ujazo milioni 70. Kwa hiyo hatuhitaji Ndakaini. Hata dogo kuliko hilo lingetutosha.

Shida ni umbo la ardhi yetu. Mabonde ya Safu ya Milima ya Mbeya ni membamba na yana mteremko mkali. Ukijenga ukuta mrefu kwenye bonde la namna hiyo unapata maji kiduchu nyuma yake, kwa sababu sakafu ya bonde inapanda haraka. Bwawa zuri linataka bonde pana lenye mlango mwembamba. Pia tuko kwenye Bonde la Ufa, mahali ambapo mikono ya ufa inakutana, na ardhi hutikisika mara kwa mara. Haizuii bwawa, ila inalifanya liwe ghali. Na kuna tope. Mteremko uliolimwa viazi kwa matuta yanayoshuka na mlima unamwaga udongo kila masika. Bwawa dogo lingejaa udongo kabla mkopo wake haujalipwa.

Hao wa Cape Town, mabwawa yao ya juu ya Table Mountain ni ya zamani na ni madogo. La Woodhead lilikamilika 1897. Mji ulipokua ukaenda kutafuta mabwawa makubwa mbali huko milimani, na bado mwaka 2018 nusura mabomba yafungwe baada ya miaka mitatu ya ukame. Bwawa linahifadhi mvua iliyonyesha. Isiponyesha, unabaki na ukuta.

Ngozi sasa. Nimeshashuka mpaka ukingoni mwa ziwa lile, na kushuka si kazi, kazi ni kupanda kurudi. Ni ziwa la kreta ndani ya Milima ya Uporoto. Halina mto unaotoka. Limezungukwa na kuta za msitu pande zote, kwa hiyo kabla ya kupata huo mserereko wako ungelazimika kwanza kuyapandisha maji juu ya ukuta au kutoboa mlima. Na maji yenyewe yana chumvichumvi, kwa sababu kuna joto la volkano chini yake. Ndiyo maana wataalamu wanaolitazama Ngozi wanawaza umeme wa jotoardhi. Tuache ziwa lipumzike, na wazee wenye habari zake tuwaheshimu.

Njia ambayo jiji limeishika ni Mto Kiwira, na naiunga mkono. Milima ya Rungwe na Uporoto ni ya volkano. Udongo wake ni wa majivu na pamisi, mawe mepesi yenye vitundu, yanafyonza mvua nyingi na kuiachia mwaka mzima. Miamba ya Safu ya Mbeya ni mizee na migumu, inashika maji kwenye nyufa tu. Ndiyo sababu Kiwira huo uliouona Daraja la Mungu na Kijungu haujui kukauka, wakati vijito vya kwetu vinasinyaa. Yaani badala ya kujenga ghala, tunakwenda kwenye mlima ambao ni ghala kubwa zaidi.

Kuna jambo moja nalisema hapa kwa sababu vijana mtalirithi. Kiwira unaelekea Ziwa Nyasa. Nzovwe unaingia Songwe, ile Songwe inayoenda Ziwa Rukwa, maana Songwe ziko mbili na nyingine ndiyo mpaka wetu na Malawi. Mtu wa jiji akishayaoga maji ya Kiwira, hayarudi Nyasa, yanaishia upande wa Rukwa. Watu wa bondeni Kyela wana haki ya kuuliza yanachukuliwa kiasi gani kiangazi. Ofisi za mabonde ya maji zipo kwa ajili hiyo, ya Ziwa Rukwa hapa Mbeya na ya Ziwa Nyasa pale Tukuyu. Kaandike tasnifu yako huko, usiandike ya Ngozi.

Mheshimiwa fundi, mimi ni mstaafu naishi Iringa mjini. Maji yakikatika siku mbili, yanaporudi bomba linapiga mluzi kwanza, na dira ya maji inazunguka kama feni. Je, tunalipia hewa? Na kwa nini kwetu umeme ukikatika na maji yanafuata? — Mzee wa Kihesa

Mzee mwenzangu, hilo la pili kwanza. Iringa mjini mko juu ya kilima, na mto wenu, Ruaha Mdogo, uko chini. Maji yanatekwa na kutibiwa Ndiuka kisha yanasukumwa kwa pampu kupanda mlima. Pampu bila umeme ni chuma tu. Mbeya mlima uko juu yetu, nyinyi mko juu ya mto. Ndiyo tofauti.

La hewa: ndiyo, hewa inaweza kuzungusha dira. Bomba likikauka linajaa hewa, maji yakirudi yanaisukuma mbele, na dira nyingi za majumbani zinahesabu kinachopita bila kuuliza ni nini. Kwa kawaida ni kiasi kidogo, lakini mtaa wenye mgao wa mara kwa mara unakijumlisha. Fanya hivi. Maji yakikatika, funga koki zote za ndani pamoja na ile iliyo karibu na dira. Usiache koki wazi na ndoo chini ukisubiri, kwa sababu hapo ndipo hewa inapopata njia ya kupitia kwako. Yakirudi, subiri nusu saa ndipo ufungue, tena taratibu. Soma dira jioni yakikatika, soma tena yanaporudi kabla hujafungua koki, andika. Ukienda ofisini kwao na daftari lenye tarehe na namba unasikilizwa tofauti na ukienda na hasira. Yuniti moja ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20. Bili ikiruka yuniti kumi bila sababu, hizo ni ndoo 500. Hewa peke yake haifiki huko, tafuta uvujaji. Funga koki zote za ndani, ile ya karibu na dira iache wazi, tazama kile kigurudumu kidogo cha dira. Kikiendelea kuzunguka, kuna bomba linavuja ndani ya ua wako, na mara nyingi ni choo cha kuvuta.

Valvu za hewa zinatakiwa ziwepo kwenye vilele vya bomba kuu. Hizo si kazi yako, ni za mamlaka. Unayo haki ya kuuliza kama zipo na kama zinafanya kazi.

Baba, salaam. Nina kinyungu cha mahindi mabichi na mboga pembeni mwa chemchemi, baba yangu alikilima na babu pia. Sasa viongozi wa kijiji wanasema niondoke mita 60. Upande wa juu nina mikaratusi yangu nategemea kuiuza nguzo. Wanachokisema ni kweli au wananionea? Maji ya chemchemi kweli yamepungua tangu nikiwa mdogo. — Mkulima, Njombe

Ndaga fijo, yaani asante sana, kwa kusema hilo la mwisho, mwanangu. Wengi wanaoniandikia kuhusu vinyungu hawalisemi.

Hawakuonei. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto na vyanzo vya maji. Najua kinyungu ndicho kimesomesha watoto nyanda zote za juu, kuanzia Iringa hadi Makete, kwa kuwa ndiyo shamba pekee lenye unyevu Septemba. Waliotunga sheria wakila mahindi ya kuchoma Oktoba njiani Makambako, wanakula ya kinyungu. Kwa hiyo sikutukani. Lakini ukichimba matuta na mifereji kwenye kile kinamasi cha chemchemi unakikausha. Lile tope lenye matete ndilo linaloshika maji yasikimbie. Na mbolea na dawa unazopulizia viwavi zinaingia moja kwa moja kwenye ndoo ya jirani wa chini.

Mikaratusi ndiyo ningeanza nayo. Iliyo karibu na chemchemi ivune sasa, usisubiri ifike unene wa nguzo. Uza kuni, uza mirunda ya kujengea, hasara yake ni ndogo. Kumbuka kisiki cha mkaratusi kinachipua. Usipokiua, baada ya miaka michache una miti mitatu pale palipokuwa na mmoja. Chipukizi zivunje kila zinapotoka mpaka mzizi uchoke.

Mahali pake otesha mivengi, miti ya asili inayopenda kuota penye maji. Huna haja ya kuambiwa inapatikana wapi, bila shaka kuna iliyobaki kwenye korongo fulani la kijiji chenu, na ukichungulia chini yake utakuta unyevu hata sasa. Okota mbegu zake zilizoiva, uziwahi kabla hazijakauka kwa sababu zikikauka hazioti tena, ukuze miche kivulini. Mikuyu nayo ni mizuri. Acha majani na matete yajiotee yenyewe, usifyeke, usichome.

Kinyungu chako kipandishe nje ya hizo mita 60. Chukua kamba, pima mwenyewe mbele ya mwenyekiti wa kijiji, mkaweke alama, ili mwakani asije mwingine akapima kwa macho. Kama majirani watano mko kwenye bonde hilohilo, kaombeni pamoja kibali cha kutumia maji kwenye ofisi ya bonde, mvute mpira mdogo kutoka chini ya chemchemi hadi mashambani. Mtamwagilia bila kulima kwenye jicho la maji. Miche iwe tayari Novemba, mvua zikishashika vizuri Desemba ndipo uipande.